RAKETI IKUFAAYO YASHINDA RAKETI YENYE JINA

Mchezo wa tenisi ulipoanza kuchezwa Kenya ulikuwa mchezo wa vilabu, na vilabu hivyo vilikuwa vya wageni. Siku hizi mambo ni mengine. Tenisi ni mmojawapo wa michezo inayoshindaniwa na shule za sekondari nchini, na mwezi wa Julai 2022 msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda huko Wimbledon, Uingereza, katika mashindano ya wasichana wachezao wawili wawili. Mwenzake alikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hapana Mkenya aliyepata kushinda taji la vijana katika yale mashindano manne makuu ya dunia kabla yake. Mwezi wa Machi 2024 alipata tena nishani ya dhahabu katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana.

Gesima, iliyo katika Kaunti ya Nyamira, ni nchi ya chai na ndizi, na katika michezo Wagusii wanajulikana zaidi kwa mbio. Mgusii Naftali Temu ndiye aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, alipowashinda wenzake katika mbio za mita 10,000 mjini Mexico mwaka 1968. Mkimbiaji aweza kuanza mazoezi kwa miguu yake tu, lakini mcheza tenisi hawezi kuanza bila raketi. Hapo ndipo shida inapotokea.

Mzazi aliyepokea malipo ya pili ya chai, yale yaitwayo bonasi, ana mambo mengi yanayozingoja fedha hizo: karo, mbolea, mabati, na deni la dukani. Mtoto wake akimwomba raketi, mara nyingi huiomba kwa jina. Ataka ile aliyoiona katika televisheni mkononi mwa bingwa fulani. Raketi ya namna hiyo, ikiwa mpya, huuzwa ng'ambo kwa dola 200 na zaidi, yaani zaidi ya shilingi 25,000 za Kenya. Je, fedha hizo zitamfaa mtoto? Yawezekana zisimfae hata kidogo, na huenda zikamletea maumivu ya mkono yatakayomwondoa katika mchezo kabla hajaujua. Kwa hiyo ni vema kila mzazi, kila mwalimu wa michezo, na kila kijana afahamu jinsi raketi inavyofanya kazi, ili achague kwa akili wala si kwa jina.

JINA HALIPIGI MPIRA

Jambo hili si geni kwa mkulima. Aendapo dukani Keroka kununua jembe, mmoja hupenda lenye alama ya mamba, na mwingine hupenda lenye alama ya jogoo. Lakini akifika shambani haulizi tena habari za alama. Hutazama uzito wa jembe, na hutazama mpini. Mpini wa mtu mrefu haumfai mtoto. Jembe la kulimia udongo uliolainika silo la kung'olea magugu yenye mizizi mirefu, kwa maana kazi hiyo yataka jembe la meno. Mkulima akitumia jembe lisilomfaa, jioni mgongo wake humwambia, hata kama alama ya jembe hilo ni ile aliyoipenda baba yake na babu yake.

Raketi ni vivyo hivyo. Makampuni yanayozitengeneza ni mengi, na yanayojulikana zaidi ni Wilson, Head, Babolat, Yonex, Prince na Dunlop. Kila moja hutengeneza raketi za aina nyingi: nyepesi na nzito, za wanaojifunza na za mabingwa. Kwa hiyo mtu asemaye, "Mimi natumia Wilson tu," hajasema neno lo lote juu ya raketi yake, kama vile mtu asemaye kwamba huvaa viatu vya Bata hajaeleza kama ni viatu vya mvua au vya kuendea kanisani, wala kama vinamtosha.

Tena yafaa kujua kwamba mabingwa hulipwa na makampuni ili raketi zao zionekane. Si ajabu bingwa kushika raketi iliyopakwa rangi za toleo jipya linalouzwa madukani, ilhali ndani yake ni raketi ya zamani aliyoizoea, iliyoongezwa uzito hapa na pale kwa kadiri ya matakwa yake. Mnunuzi anayeifuata rangi hiyo hapati raketi ya bingwa. Hupata rangi ya raketi ya bingwa. Wazee walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda," na msemo huo wafaa kukumbukwa mbele ya kabati la duka.

Haina maana kwamba raketi zenye jina ni mbaya. Nyingi ni nzuri sana. Maana yake ni kwamba uzuri wake hautambuliki mpaka ijulikane inatumiwa na nani, kwa mchezo gani, na mahali gani.

MTU ALIYELIACHA JINA LAKE MWENYEWE

Mfano ulio bora wa jambo hili ni habari ya Mwamerika Howard Head. Mtu huyu alikuwa fundi wa ndege, kisha akaanzisha kampuni ya kutengeneza mbao za kutelezea juu ya theluji, na baadaye raketi. Kampuni hiyo aliipa jina lake, na hata leo raketi za Head huuzwa duniani kote. Mwaka 1969 aliiuza kampuni hiyo, akaanza kucheza tenisi kwa bidii. Lakini mchezo ulimshinda. Kila mpira ulipogonga kando ya katikati ya raketi, raketi ilipinduka mkononi mwake na mpira ukaenda ovyo.

Wengine wangeulaumu mkono. Head aliilaumu raketi. Aligundua kwamba kichwa cha raketi kikiwa kipana zaidi, raketi haipinduki upesi mpira ugongapo kando. Na kipimo hicho hukua kwa namna ya ajabu, kwa kuwa upana ukiongezwa mara mbili, nguvu za kuzuia kupinduka huweza kufika mara nne. Wakati ule raketi za mti zilikuwa na uso wa kiasi cha inchi za mraba 70. Yeye alitengeneza raketi yenye uso wa inchi za mraba 110 hivi, akapewa hataza yake mwaka 1976. Raketi hiyo haikuitwa Head. Iliitwa Prince, kwa kuwa alikuwa amejiunga na kampuni hiyo nyingine. Hivyo mtu ambaye jina lake liliandikwa juu ya raketi nyingi aliliacha jina hilo akashika raketi iliyomfaa.

Watu wengi waliicheka raketi ile kubwa wakasema ni ya wazee. Lakini mwaka 1978 msichana wa Amerika, Pam Shriver, mwenye umri wa miaka 16, aliitumia hata akafika fainali ya mashindano makuu ya Marekani. Katika miaka michache tu raketi za mti zenye uso mdogo zilianza kutoweka viwanjani, na mahali pake pakashikwa na raketi za madini na za nyuzi za kaboni, zilizo nyepesi na imara.

Habari ya pili ni ya huzuni kidogo. Bjorn Borg wa Sweden alikuwa ameshinda Wimbledon mara tano mfululizo, tangu 1976 hata 1980, kwa raketi ya mti. Baada ya kustaafu kwa miaka kadhaa alirudi uwanjani Monte Carlo mwezi wa Aprili 1991, akashika tena raketi ya mti kama zamani. Wenzake wote walikwisha badilika. Alishindwa katika raundi ya kwanza na Jordi Arrese wa Hispania, kwa seti mbili bila. Mengine pia yalimwangusha, maana alikuwa hajacheza mashindano kwa muda mrefu. Lakini hapana aliyesema kwamba raketi ile ilimsaidia.

Habari ya tatu ni kinyume chake. Roger Federer wa Uswisi alikuwa amekwisha pata mataji 17 makuu kwa raketi yenye uso wa inchi za mraba 90. Umri ulipoanza kumlemea na wapinzani wakazidi kuupiga mpira kwa nguvu na mzunguko mwingi, alikubali kubadili. Mwaka 2014 alianza kutumia raketi yenye uso wa inchi za mraba 97. Baada ya hapo alipata tena mataji matatu makuu, mawili mwaka 2017 na moja mwaka 2018. Ikiwa bingwa kama huyo hakuona aibu kuiacha raketi iliyompa sifa, mwanafunzi wa Gesima hana sababu ya kuona aibu.

MAMBO YA KUTAZAMA

Katika raketi kuna mambo sita yapasayo kutazamwa, na kila moja laweza kupimwa bila chombo kikubwa.

Kwanza, urefu. Raketi ya mtu mzima huwa na urefu wa inchi 27, yaani sentimita 68.5 hivi. Sheria za mchezo haziruhusu raketi izidi sentimita 73.7. Raketi za watoto ni fupi, kuanzia inchi 19 mpaka 26. Mtoto wa miaka sita hadi minane hufaa apewe ya inchi 23. Wa miaka minane hadi kumi apewe ya inchi 25. Na wa miaka kumi hadi kumi na miwili apewe ya inchi 26, kwa kadiri ya kimo chake. Kumnunulia mtoto raketi ya mtu mzima kwa kusudi la kwamba "ataikulia" ni kosa. Shati kubwa halimdhuru mtoto, lakini raketi kubwa humfundisha kupiga vibaya, na mazoea mabaya ya utotoni ni kazi kuyaondoa.

Pili, uzito. Raketi za watu wazima, kabla ya kutiwa nyuzi, huwa na uzito wa kiasi cha gramu 250 mpaka 340. Raketi nzito haitetemeki sana mpira ugongapo, na yaweza kuurudisha mpira wa nguvu. Lakini yataka mkono uliokomaa na maungo yaliyozoea. Anayejifunza hufaa aanze na raketi ya gramu 260 mpaka 285. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa ana nguvu za kubeba gunia la majani ya chai, basi raketi ya gramu 340 ni kitu kidogo kwake. Gunia hubebwa mara moja. Raketi huinuliwa mamia ya mara katika saa moja, tena kwa mkono ulionyoshwa.

Tatu, uwiano. Raketi mbili zaweza kuwa na uzito ulio sawa katika mizani, na bado moja ikahisiwa kuwa nzito kuliko nyingine. Sababu ni mahali uzito ulipokaa. Ili kupima, raketi ya inchi 27 ilazwe juu ya kidole kimoja katikati ya urefu wake, yaani sentimita 34 na robo kutoka mwisho wa mpini. Ikiinamia upande wa kichwa, uzito wake uko kichwani, nayo husaidia kuusukuma mpira. Ikiinamia upande wa mpini, ni rahisi kuizungusha upesi.

Nne, ukubwa wa uso. Uso wa inchi za mraba 100 mpaka 110 humsamehe mchezaji anayekosa katikati. Uso wa inchi za mraba 95 hadi 98 huupeleka mpira pale hasa ulipolengwa, lakini hausamehi. Anayejifunza achague uso mpana. Atakapoweza kuupiga mpira katikati ya raketi mara nyingi mfululizo, ndipo afikirie uso mdogo.

Tano, unene wa mpini. Mzingo wake huwa kati ya sentimita 10 na sentimita 11 na nusu, na kipimo huandikwa kwa nambari chini au kando ya mpini. Njia ya kupima ni rahisi. Mchezaji aishike raketi kama anayetaka kupiga, kisha apitishe kidole cha shahada cha mkono wa pili katika nafasi iliyo kati ya ncha za vidole na kiganja. Kidole kikienea bila kubanwa wala kulegea, mpini unafaa. Kisipopita, mpini ni mwembamba. Nafasi ikizidi, ni mnene. Akiwa katika shaka achague ulio mwembamba, kwa sababu waweza kuongezwa kwa kuviringishiwa utepe, lakini ulio mnene haupunguziki kwa urahisi.

Sita, nyuzi. Jambo hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, ilhali nyuzi ndizo zinazougusa mpira, wala si fremu. Nyuzi za nailoni ni laini, bei yake si kubwa, na zawafaa wachezaji walio wengi. Nyuzi za polista ni ngumu, hudumu, na husaidia kuuzungusha mpira, lakini hupeleka mshtuko mkononi. Si za watoto. Nyuzi za utumbo wa ng'ombe ni bora kwa kupiga, ila ni ghali, tena huharibiwa na unyevu. Katika Nyamira, ambako mvua hufika milimita 1,200 hata 2,100 kwa mwaka, nyuzi hizo si chaguo la busara kwa shule.

Mkazo wa nyuzi hupimwa kwa ratili. Juu ya fremu huandikwa kipimo kinachoruhusiwa, mathalan ratili 50 mpaka 60. Nyuzi zikilegezwa, mpira huruka mbali na mkono hupumzika. Zikikazwa, mpira huwa mtiifu lakini mkono hufanya kazi zaidi. Kanuni ya wazoefu ni kwamba mtu abadili nyuzi kila mwaka mara nyingi kama siku anazocheza kwa juma. Achezaye mara tatu kwa juma abadili mara tatu kwa mwaka. Raketi ya bei ndogo yenye nyuzi mpya hushinda raketi ya bei kubwa ambayo nyuzi zake zimekufa.

HEWA YA VILIMANI

Hapa pana jambo ambalo matangazo ya makampuni hayamwambii mnunuzi wa Nyamira. Sehemu za juu za kaunti hii hufika karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na zaidi. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika tano. Mpira wa tenisi unaporuka hupunguzwa mwendo na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, mpira haupunguzwi sana. Zaidi ya hayo, mpira wa kawaida umetiwa hewa kwa shinikizo ndani yake, na hewa ya nje ikiwa na shinikizo dogo, mpira huwa kama uliojazwa kupita kiasi, ukaruka juu mno.

Kwa hiyo pigo ambalo mjini Mombasa lingeangukia ndani ya mstari, Gesima hutoka nje. Kijana hulaumiwa kwamba anapiga kwa hasira, kumbe ni hewa. Sheria za tenisi zenyewe zalikubali jambo hili: zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, yaani futi 4,000. Aina moja hudunda kidogo kuliko ya kawaida. Aina nyingine haina shinikizo ndani, na inapasa ikae mahali pa mashindano kwa muda wa siku 60 kabla ya kutumiwa.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii. Raketi iliyosifiwa kwa kuwa "ina nguvu nyingi" huenda ikawa na nguvu zisizotakiwa katika vilima hivi. Mtu mzima mwenye mkono imara aweza kuongeza mkazo wa nyuzi kwa ratili mbili au tatu. Lakini kwa mtoto dawa iliyo bora si kukaza nyuzi. Ni kupata mpira unaofaa. Mipira isiyo na shinikizo hudumu muda mrefu, na shule yenye fedha kidogo hupata faida mara mbili. Kwa watoto wa miaka kumi na chini yake, tangu mwaka 2012 sheria za mchezo zimeagiza kwamba katika mashindano yao itumike mipira ya mwendo wa polepole, yenye rangi nyekundu, ya machungwa au alama ya kijani.

Na kijana wa Gesima atakayekwenda kushindana pwani akumbuke kinyume chake: huko mpira utakuwa mzito, mapigo yake yataangukia wavuni, na nyuzi zilizokazwa kwa ajili ya vilimani zitamchosha.

KILA MCHEZO NA RAKETI YAKE

Baada ya kufahamu hayo, mchezaji ajiulize yeye hucheza namna gani. Anayejifunza ataka raketi nyepesi, yenye uso mpana na nyuzi za nailoni zisizokazwa sana. Yule anayependa kusimama karibu na mstari wa nyuma na kuupiga mpira kwa kuuzungusha ataka raketi ya gramu 290 mpaka 305, yenye uso wa inchi za mraba 98 au 100, na nyuzi zilizoachana kidogo, kwa sababu nyuzi za namna hiyo huushika mpira na kuuzungusha. Yule anayependa kukimbilia wavuni na kuupiga mpira kabla haujagusa chini ataka raketi ambayo uzito wake uko upande wa mpini, ili aweze kuigeuza upesi. Na mtu mzima anayecheza jioni kwa ajili ya afya yake atazame kwanza kiwiko chake: raketi isiyo ngumu kupita kiasi, nyuzi laini, mkazo mdogo.

Habari ya kiwiko si ya kupuuzwa. Kuna maradhi ya mishipa iliyo upande wa nje wa kiwiko, yanayojulikana sana kwa wacheza tenisi. Huanza kama maumivu madogo wakati wa kushika kikombe, kisha mtu hawezi hata kukamua kitambaa. Upigaji mbaya ndio huyaleta mara nyingi, lakini raketi nzito kupita kiasi, mpini usioenea mkononi, na nyuzi za polista zilizokazwa huyaongeza. Katika nchi ambayo mkono ule ule unaoshika raketi ndio uchumao chai, ukamao ng'ombe na ulimao shamba, kuumia kiwiko si hasara ya mchezo tu. Ni hasara ya nyumba nzima.

KUJARIBU KABLA YA KUNUNUA

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika jambo hili macho hudanganya, na mkono ndio usemao kweli. Mwalimu wa michezo aweza kufanya jaribio lisilohitaji gharama. Akusanye raketi tatu au nne za uzito na uso mbalimbali, hata kwa kuazima kwa shule jirani. Azifunike alama na majina kwa utepe, kisha azipe nambari. Kila mchezaji acheze na kila raketi kwa siku mbili au tatu, si kwa dakika tano, maana raketi mpya mkononi hupendeza kwanza na kuchosha baadaye. Mwenzake aandike mapigo mangapi kati ya hamsini yalianguka ndani ya mistari. Siku ya mwisho mchezaji aseme ni nambari gani iliyomfaa, na mkono wake ulijisikiaje asubuhi iliyofuata. Ndipo utepe ubanduliwe. Mara nyingi wachezaji hushangaa kuona kwamba waliichagua raketi ambayo wasingeitazama mara mbili dukani.

Raketi kuukuu si aibu. Mwaka 1971 bingwa Arthur Ashe wa Marekani alipozuru Cameroon alimwona mtoto mmoja mwenye kipawa jijini Yaounde, akamwachia raketi yake. Mtoto huyo, Yannick Noah, alishinda mashindano makuu ya Ufaransa mwaka 1983. Ila anayenunua raketi iliyokwisha kutumika, au anayepokea ya msaada, aichunguze. Apitishe kidole polepole kuzunguka fremu yote atafute ufa, hasa juu ya kichwa na mahali kichwa kinapoungana na mpini. Aigonge kidogo kwa kiganja asikilize: mlio wa kukwaruza huashiria kuvunjika ndani. Aitazame kama imepinda. Nyuzi kuukuu zisimtie hofu, kwa kuwa hubadilishwa. Fremu yenye ufa haina dawa.

Baada ya kuipata raketi, aitunze. Vumbi la murramu husaga nyuzi kama msasa, kwa hiyo zipanguswe kila baada ya mchezo. Raketi isiachwe chini ya bati wakati wa jua kali, wala ndani ya gari lililofungwa, maana joto hulegeza nyuzi. Isitumiwe kama fimbo ya kuegemea, wala kupigwa chini kwa hasira. Hasira ya dakika moja imeharibu raketi nyingi kuliko michezo ya mwaka mzima.

KWA UFUPI

Anayetaka raketi na aanze na mtu, si na duka. Aupime urefu na mkono wa mchezaji. Aujue mchezo wake, na mahali atakapouchezea. Achague uzito, uso, mpini na nyuzi kwa kufuata hayo. Ajaribu kabla ya kununua. Jina la kampuni litazamwe mwisho kabisa, wakati raketi mbili zimelingana kwa yote na bei zake ni sawa. Mzazi akifuata njia hiyo, fedha zake za chai zitatosha kununua raketi, na mipira, na nyuzi za akiba, na pengine zikabaki za mbolea. Naye mtoto atapata kitu ambacho hakiuzwi kwa jina lo lote, yaani mkono mzima na hamu ya kurudi uwanjani kesho.